Koti la Mkwe wa Gesare

Mimi ni fundi wa suruali. Makoti nashona pia, lakini nayashona kama mtu anayelipa faini, na kila aliyewahi kuvaa koti langu pale Kisii mjini anajua hivyo. Mwaka 1994 nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane kwenye baraza ya duka la vitambaa la Gopal. Mashine yangu ilikaa upande wa kulia wa mlango, na upande wa kushoto ilikaa mashine ya Gesare. Wateja walipanda ngazi, wakanisalimu kwa adabu nyingi, wakaniuliza habari za watoto, halafu wakageuka kushoto. Jaribu kukaa hivyo miaka kumi na minane, uone kama hutapata vidonda vya tumbo.

Nisifiche, sikumpenda. Nilijiambia kwamba anapata wateja kwa kuwa ni mpole, ni Msabato, hana maneno, na mimi nina maneno. Huo ulikuwa uongo wa kujifariji. Alikuwa ananishinda kazi, basi, na nilikuwa najua, na kujua kwenyewe kulikuwa kunaniuma.

Mwaka huo binti yake Sharon alikuwa anaolewa na mwalimu mmoja wa hesabu aitwaye Sylvanus, kutoka Ikonge, kule Nyamira kwenye majani chai. Harusi iliwekwa Jumapili, maana Wasabato hawawezi kuifanya Jumamosi. Gauni la Sharon lilikuwa limekwisha mwezi mzima kabla, limefunikwa shuka, na wanawake walikuwa wanakuja barazani kuliomba walione tu. Kilichobaki ni suti ya bwana harusi.

Hapa asiye Mgusii anivumilie kidogo. Sisi tuna chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na haya, na mahali inapobana zaidi ni kwa wakwe. Mama mkwe hamgusi mume wa binti yake. Hakai naye karibu, hatanii naye, na vitu vya mwilini mwake havimhusu. Sasa kumpima mtu suti ni kumzungushia utepe kifuani na kiunoni, na ukifika kwenye suruali kuna vipimo ambavyo hata mwanaume mwenzake anavichukua akitazama kando. Kwa hiyo fundi bora wa makoti Kisii nzima alikuwa ndiye mtu mmoja ambaye Sylvanus hangeweza kumwendea.

Kuja kwangu nako hakukuwezekana, kupimwa mita mbili kutoka alipoketi mama mkwe. Kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili kungekuwa tusi, watu wangeuliza kama mama Sharon hajui kazi. Kijana akafikiri sana, kwa namna walimu wanavyofikiri, na akapata jibu baya.

Jibu alilipata gazetini. Miaka ile kulikuwa na watu wanaotangaza nguo kwenye kurasa za nyuma, na picha ndogo ya Mzungu aliyetia mkono mfukoni. Suti za Corvanti kutoka Italia moja kwa moja. Andika saizi yako, tuma mani oda kwa sanduku la posta fulani, Nairobi, na baada ya wiki tatu utapokea kifurushi. Duka hilo halikuwa na mlango wala muuzaji mwenye uso. Sylvanus akatuma bonasi yake yote ya majani chai. Aliona suti ya Italia haiwezi kumtukana fundi yeyote wa Kisii, akadhani ametegua kitendawili.

Jumanne ya wiki ya harusi alikuja barazani, akijua Gesare yuko nyumbani kwake Birongo kutafuta ndizi za wageni. Suruali alikuwa ameijaribu na ilimfunika viatu, alitaka niipunguze. Koti hakuwa amelivaa. Alisema hataki kulitia mwilini kabla ya siku yake, akaniomba nilipige pasi tu. Akanionyesha lebo ndani ya mfuko, nyuzi za dhahabu, Corvanti, Milano. Mimi lebo kama zile nimeziona zikiuzwa kwa dazeni Nairobi, na niungame kwamba nimewahi kuzibandika kwenye suruali zangu mwenyewe, na suruali hazikupona kwa hilo. Lakini uso wa yule kijana ulikuwa na furaha kiasi kwamba nilinyamaza. Nilimwambia arudi Alhamisi kujaribu suruali.

Alipoondoka niliwasha makaa, nikalowesha kitambaa, nikaweka pasi kifuani mwa lile koti. Likavimba. Malengelenge yakatoka upande wa kushoto, kisha wa kulia. Nikafumua bitana kwa chini nikaingiza mkono, nikatoka na kipande cha karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya saruji, imebandikwa kwa gundi ya fundi viatu. Ndiyo iliyokuwa inalisimamisha koti lote. Kola, kifua, ukosi unaokunjwa kifuani, kila kitu kilisimama juu ya karatasi. Mabegani waliweka matambara yaliyokunjwa, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa karibu inchi moja. Tone la mvua lingetosha, na Ikonge mvua huwa haikosi adabu ya kufika kila alasiri.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu mpaka Padma, mke wa Gopal, akatoka dukani kuuliza kuna nini. Kwa miaka yote ile Gesare hakuwahi kuaibika hata mara moja, na sasa aibu ilikuwa imeletwa mpaka kwenye meza yangu, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Jumatano asubuhi nilimsubiri Gesare atulie, nikamwambia kwa madaha, "Mama Sharon, mkwe wako ameuziwa suti feki."

Hakusogea kuliangalia. Aliuliza mambo mawili tu: nani mwingine ameona, na Sylvanus anarudi lini. Nikamjibu. Akaweka mikono mapajani, na raha yangu ikaanza kupoa. Nikamwambia kwa sauti ya chini kidogo kwamba afadhali tumwambie kijana, aandike barua arudishiwe pesa, ingawa sanduku la posta halina shingo ya kukabwa.

"Ukimwambia, atajua mimi pia najua," alisema. "Wewe na mimi tunakaa hapa pamoja. Halafu atakula kwangu na uso gani?"

Akanieleza yaliyompata dada yake mkubwa. Mkwe wa dada huyo alianguka amelewa mbele ya mama mkwe wake, mara moja tu, na hakuna aliyemsema. Lakini haya ikamshika, hakukanyaga tena boma lile. Binti akawa anakuja kwao peke yake, kwa mwaka mara moja, akiwa na haraka. Wajukuu watano wamekua bila kulala hata siku moja kwa bibi yao. Gesare alikuwa na binti mmoja tu. Kama Sylvanus angejua kwamba mama mkwe, tena fundi, ameona jinsi alivyodanganywa, Birongo ingemfungia mlango bila mtu kuufunga. Na kama koti lingebomoka mbele ya wageni Ikonge, ingekuwa vilevile au zaidi.

Nikasema basi sioni njia. Asiambiwe, na koti lisibomoke, na mama mkwe asimpime. Hata mahakama haiwezi hiyo kesi.

"Hilo koti amelivaa?" akauliza.

Nikasema bado.

"Basi hiyo bado ni kitambaa. Lete. Lakini suruali usinionyeshe."

Nilimpelekea. Alilifumua bitana yote kuanzia chini, taratibu, bila kukata hata uzi mmoja wa nje, akalilaza mgongo chini. Alinusa gundi, akatikisa kichwa. Siku nzima ya Jumatano alibandua karatasi kwa mvuke na ncha ya kisu cha siagi, kipande baada ya kipande, maana ukivuta kwa nguvu kitambaa kinatoka nayo. Jioni koti lilikuwa limebaki ngozi tupu, limelegea mezani kama mboga iliyochemshwa.

Sasa ilihitajika kanvasi, kile kitambaa kigumu cha ndani kinachoshika kifua cha koti. Kanvasi za madukani zilikuwa nyepesi mno kwa kazi ile. Padma alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akauliza kwa nini asipimwe tu kijana mambo yaishe. Gesare alipoanza kueleza, Padma akainua mkono kumzuia. Kwao pia, alisema, baba yake Gopal alipokuwa hai, yeye alifunika kichwa kila mara mzee huyo alipoingia, na miaka tisa hakumwambia neno ila kwa kupitia mtu mwingine. Akaingia ndani akarudi na marobota ya kanvasi ya zamani, ya kijivu, yenye singa za farasi, aliyoacha huyo mzee tangu enzi za kushonea mabwana D.C. wa kikoloni. Mimi kwa miaka kumi nilikuwa nimeambiwa na Gopal kwamba ile kanvasi imekwisha.

Alhamisi Sylvanus alikuja. Alipofika kwenye ngazi na kumwona mama mkwe yupo, nusura arudi. Lakini Gesare alikuwa ameshaigeuza mashine yake ikatazama ukuta. Wakasalimiana, mmoja akitazama ngazi na mwingine akitazama ukuta, kisha Gesare akaanza kukanyaga mashine kwa bidii. Nilichungulia nikaona sindano haina uzi.

Kazi yangu ilikuwa kupima na kusema namba kwa sauti. Nikazisema kama kondakta anayeita abiria. Kifua thelathini na nane. Bega kumi na saba na nusu. Mgongo, mkono, shingo. Kila namba ilipotoka, mashine ilipunguza mwendo kidogo, kisha ikaendelea. Sylvanus alininong'oneza akauliza suruali inahitaji bega kwa nini. Nikamwambia suruali za kisasa zinafuata bega. Mwalimu wa hesabu hakuridhika na jibu hilo, nilimwona, lakini mbele ya mama mkwe hakuwa na mdomo wa kubishana. Alijaribu suruali nyuma ya pazia la duka, ikamkaa sawa, akashukuru, akaondoka.

Nikageuka nikiwa na kiburi cha mtu aliyefanya kazi yake. Gesare akauliza, bado anatazama ukuta, bega gani limeshuka. Nikamwambia yote ni sawa.

"Hakuna mtu mwenye mabega sawa, Baba Josiah. Mfuate umwangalie."

Kwa hiyo mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, nilimfuata mwalimu katikati ya soko la Kisii nikijificha nyuma ya wauza ndizi na mikungu yao. Nilimfuata mpaka kwenye stendi ya Nyamira. Mwanzoni nilikuwa nalaani. Halafu nikaanza kuona. Alikuwa anabeba mkoba wa madaftari upande wa kushoto, na bega hilo lilikuwa limezoea kulala hata alipouweka mkoba chini. Shingo ilitangulia mbele kidogo kama ya mtu aliyezoea kuinamia madawati. Alipompungia mkono rafiki yake ng'ambo ya barabara, aliuinua wa kulia juu sana, kama anafika kwenye kona ya ubao, na mgongo mzima ukapanuka. Nilisimama pale nikasahau kujificha. Nilikuwa nimepima watu maelfu, na huyo ndiye alikuwa wa kwanza niliyemwangalia.

Nikarudi nikamweleza. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba ndiyo sababu makoti yangu hukaa kama yametundikwa kwenye msumari, kwa vile mimi huwa nasoma utepe tu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilikasirika zaidi kwa sababu nilikuwa nimetoka kuliona hilo mwenyewe pale stendi.

Tangu saa hiyo mpaka Ijumaa sikushona kitu. Nilikaa na suruali ya mtu mapajani nikimtazama. Alikata kanvasi kwa jicho, akailaza ndani ya kifua cha koti, akaanza kuishikiza kwa mishono midogo ya kulala, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukichukua uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje na kuuacha. Alipofika kwenye ukosi aliupinda juu ya kidole chake cha kushoto na kushona ukiwa umepinda hivyo hivyo, ili mkunjo uingie ndani ya koti lenyewe na usihitaji pasi wala gundi. Nilikuwa nimesikia habari za mshono huo kwa wazee. Kuuona, sijawahi. Nilihesabu upande mmoja wa ukosi nikafika mia mbili na kitu nikapotea. Nikanyoosha mkono nikapitisha kidole upande wa nje, sikuhisi chochote.

Aling'oa mikono yote miwili akaipachika upya. Bega la kushoto aliliongezea tabaka moja la pamba, jembamba kama kitambaa cha leso, basi. Mgongoni aliachia nafasi kidogo upande wa kulia, ya ule mkono unaokwenda kwenye kona ya ubao. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha hivi hivi, na hilo hangeweza kulibadilisha, lakini kila alipoliinua lile koti lilikuwa linazidi kusimama lenyewe. Nilimwambia basi tuitoe na ile lebo, tusibakishe uongo.

"Wacha," alisema. "Hiyo ndiyo kitu alinunua."

Kuna watu wakikufanyia wema wanataka uuone, na mimi ni mmoja wao. Huyu mwanamke alikuwa anafanya kazi bora kuliko zote nilizowahi kuona, anaificha ndani ya koti, halafu anaifunika na jina la tapeli. Nikajifanya moshi wa makaa umeniingia machoni.

Ijumaa, saa kumi na nusu, alikata uzi wa mwisho kwa meno, akanawa mikono, akafunga virago akashike gari la Birongo kabla Sabato haijaingia. Koti likiwa tayari limetundikwa hakuligeukia hata kuliangalia. Sylvanus alikuja saa kumi na moja akalichukua. Alilipima uzito mkononi, akanitazama kidogo, akasema pasi imelikubali. Nikasema ndiyo, pasi.

Jumapili tukaenda Ikonge, mimi na mke wangu, na Gopal na Padma kwenye gari lao. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kati ya mistari ya majani chai. Sylvanus aliposimama mbele, wanawake wakaguna kwa kuridhika. Koti lilimkaa kama alizaliwa nalo. Na hapo ndipo nikamwona msimamizi wake, Nehemiah, mwalimu mwenzake, naye amevaa suti ileile, rangi ileile, lebo ileile bila shaka. Walikuwa wameagiza pamoja na hakuna aliyetuambia. Nilimtafuta Gesare kwa macho upande wa wanawake. Alikuwa ameshamwona. Alikuwa amekazana na kitabu chake cha nyimbo.

Mvua ilitukuta njiani kutoka kanisani kwenda kwenye mahema, nusu kilomita ya mteremko, na miavuli ilikuwa ya maharusi na mchungaji tu, tena ilipinduliwa na upepo. Tulifika tumelowa wote. Nehemiah alipovua kofia ya plastiki na kusimama kwenye jukwaa, kifua chake kilikuwa kimeanza kuota manundu. Ukosi ulijiviringisha ukaelekea masikioni. Tambara la bega la kulia likateremka polepole likakaa kwenye titi. Watu walijaribu kujizuia kwa sababu ya mchungaji, halafu bibi mmoja akashindwa, na kuanzia hapo hema zima likacheka mpaka benchi zikatetemeka. Nehemiah, kijana muungwana, akacheka pia, akalivua akalikamua kama tambara la deki.

Sylvanus hakucheka. Nilikuwa namwangalia, maana nilikuwa nimejifunza kuangalia. Alitazama koti la rafiki yake, akatazama lake. Lilikuwa limelowa vilevile, maji yakichuruzika kwenye pindo, na limesimama. Akaingiza mkono ndani ya ukosi akawa anaupapasa kwa kidole gumba, pole pole, upande wa ndani. Kisha akashusha mkono. Akageuza kichwa upande wa mbali na meza ya wakwe, akakaa hivyo muda mrefu. Nikajua kwamba ameelewa, na yote ambayo Gesare aliyakimbia yamefika.

Baada ya chakula, wakati wa zawadi, aliomba kusema neno moja. Hotuba zote zilikuwa za Ekegusii, lakini yeye alisema kwa Kiswahili, akisema ni kwa heshima ya wageni kutoka mjini. Akaniita mimi. Nikasimama, nikiwa na mfupa wa kuku mkononi, nikaenda mbele. Meza ya wakwe ilikuwa nyuma yangu, hatua tatu hivi, na Gesare ameketi mwisho wake.

Alikuwa ameshika blanketi jipya, zito, la kahawia. Mimi na yeye tulikuwa tumeshataniana kuhusu suruali na mabega, tumetazamana machoni mara ngapi. Mtu akimshukuru fundi wake humtazama usoni, pengine humpiga bega. Sylvanus alishusha macho mpaka kwenye nyasi, mikono yote miwili mbele, magoti yakalegea kidogo, vile mkwe anavyosimama mbele ya mama mkwe wake na si mbele ya mtu mwingine yeyote duniani.

"Nasema asante kwa hii koti," alisema. "Mikono iliyoishona, Mungu aiongezee. Nyumbani kwake nitakuja, na watoto wangu watakuja."

Watu wakapiga makofi, wakaniimbia. Sikuthubutu kugeuka. Nilipokea blanketi, nikasema amina. Nyuma yangu nilisikia mtu akipenga kamasi kwa nguvu, na nilifahamu ni nani.

Jumatatu nilifika barazani mapema nikaliweka lile blanketi juu ya mashine ya Gesare. Alipokuja alilikunja vizuri zaidi ya nilivyokuwa nimelikunja, akalirudisha juu ya mashine yangu. Alisema nimepewa mbele ya watu, na likionekana kwake watu watauliza maswali. Nikambembeleza, hakutaka kusikia.

Kabla ya saa sita walipanda ngazi wanaume wawili kutoka Ikonge na vitambaa vyao. Wakanisalimu, wakaniuliza habari za watoto, na wakageukia kwangu. Walitaka makoti kama la mwalimu, lile lililoshinda mvua. Kwa miaka kumi na minane niliiombea siku hiyo, na ilipofika nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimegeuka suti ya gazetini mimi mwenyewe, lebo ya mtu mwingine juu, karatasi ndani. Gesare hakuinua kichwa. Nikawapima kwa kuwaangalia kwanza, mmoja mmoja, wakitembea, wakinyoosha mikono, kisha ndiyo nikachukua utepe. Wakaniachia vitambaa wakaenda.

Nilikaa nikivitazama. Nikamwambia Gesare kwamba nitawafuata niwarudishie, niwaambie ukweli.

Alisimama akachukua kigoda chake, akavuka mlango wa Gopal, akakiweka upande wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Akaketi. Akatoa kipande cha kanvasi ya Padma, akatunga uzi kwenye sindano, akanipa.

"Anza na ukosi," alisema. "Pinda juu ya kidole, hivi. Na usifanye haraka, Baba Josiah. Hao watu wamekuja kwako."